Sakafu ya Okulina

Amri ilifika saa nne usiku,
kwa penseli, nyuma ya karatasi ya mgao wa shayiri:
kabla hakujacha, wanawake na watoto waondoke,
ng'ombe watangulie.
Nyumba zitachomwa na askari wetu wenyewe,
adui asipate pa kuotea moto.

Mama akaisoma mara mbili,
akaitia kwenye mfuko wa aproni.
"Anni, teka maji."

Nina miaka tisa. Nadhani maji ni ya safari.
Kisima kimeshika barafu, naipasua kwa shoka,
narudi na ndoo mbili, vidole havina habari nami,
namkuta amepiga magoti,
sketi kaifunga kiunoni,
mchanga mkono huu, kifagio cha mbetula mkono ule,
anasugua sakafu.

Shangazi Palaga mlangoni, mtoto mgongoni, anahema:
"Okulina, una wazimu? Nyumba ya kuchomwa hii!"
Mama hakuinua kichwa.
"Kwani maiti haioshwi?"

Akaanzia pembe ya sanamu takatifu,
ubao kwa ubao, kuelekea jikoni.
Ubao wenye alama ya pasi.
Ubao unaolia ukikanyagwa, ambao baba
aliahidi kuugongomea akirudi kutoka mstari wa mbele.
Huo aliusugua polepole, akausikiliza.

Kisha akafua zulia la matambara
(shati la babu lilikuwamo, na gauni la marehemu Maura),
akalianika uani, juu ya uzio.
Likaganda papo hapo, gumu kama mlango.

Askari alikuja na debe la mafuta ya taa.
Kijana, makamasi yamemgandia mdomoni,
kwa lafudhi yake si wa Karelia.
Akatazama mbao, bado zinafuka mvuke.
Akaweka debe chini.
Akaketi kizingitini, akaanza kufungua kamba za buti.

"Usinifanyie hivyo," mama akasema,
na hapo ndipo sauti yake ilipokatika.
"Ingia na buti zako, mwanangu. Ingia tu."

Akaingia na soksi.
Ya kushoto imetoboka, kidole gumba kinachungulia.
"Samahani, mama," akasema. "Naomba kupita."

Tulikatazwa kugeuka nyuma.
Ukigeuka, alisema mama, ng'ombe naye atageuka,
na Mustikki akigeuka hatuna maziwa.
Kiwele chake tulikiviringishia sweta ya baba.
Sikugeuka.
Lakini usiku ule usio na mwezi
vivuli vyetu vilitokea mbele yetu, ghafla, virefu,
vikicheza juu ya theluji ya rangi ya chungwa,
nasi tukavifuata.

Huko tulikofikia, mwenye nyumba alihesabu vijiko
kila tulipomaliza kula.
Siku ya tatu mama akavihesabu yeye, kwa sauti,
akamkabidhi mkononi, kumi na viwili.
Hakuhesabu tena yule bibi.
Wala hakutuzungumzisha hadi Pasaka.

Kiangazi cha mwaka wa arobaini na moja tuliruhusiwa kurudi.
Dohani imesimama peke yake,
haijui imsubiri nani.
Majani ya kuwasha yameota hadi kifuani mwangu
pale palipokuwa na ubao unaolia.
Na uzio upo! Na zulia lipo, majira ya baridi mawili juu yake,
rangi zote zimekimbia isipokuwa bluu ya Maura.
Mama akalishika pembeni kwa vidole viwili,
kama anayepima nguo sokoni.
"Limekauka," akasema.
Tukacheka hadi Palaga akalazimika kuketi chini.

Baba hakurudi. Hilo siliandiki hapa.

Ila kila askari aliyepita kwetu akiomba maji,
miaka yote ile, na katika nyumba zote tulizohamia,
mama alimuuliza kama anamjua kijana mmoja,
hana jina, wa kikosi cha wachomaji,
mwenye soksi iliyotoboka.
Wengine walidhani anadai deni.

Alipofariki, mimi ndiye niliyefungua sanduku lake.
Chini kabisa, soksi za sufu, kijivu, hazijavaliwa,
na hapakuwa na mguu katika ukoo wetu
uliozitosha.